Mtungi wa Mursik Mbele ya Wakwe

Jamani, aibu ya siku ile bado ninayo, na nikimwona baba mkwe wa binti yangu sokoni Ndanai hujifanya nachagua nyanya mpaka apite.

Miaka ya tisini ng'ombe zetu zilikuwa zinakufa ovyo, ukipasua tumbo unakuta mifuko ya plastiki imejisokota, basi akina mama wa kikundi chetu wakakata shauri: sokoni tunaenda na kikapu, maziwa na mursik, yaani maziwa yetu ya mgando, yanakaa kwa kibuyu, na plastiki iliyotupwa tunaiokota wenyewe. Wazo zuri, lakini mimi nikamshuku mwenyekiti wetu, Mama Kipkirui, kwa sababu dada yake ndiye aliyekuwa anauza vibuyu (nani huhangaikia takataka bure bure?).

Koito ya binti yangu Chelangat ilipokaribia, yaani siku ya wakwe kuja kuposa, Mama Kipkirui akaniletea kibuyu cha zawadi. Zawadi! Nami nilisikia kwamba huyo kijana mposaji, Mama Kipkirui alimtaka aoe binti yake mwenyewe, nikajua lazima amepaka kitu ndani.

"Chukua, Mama Chelangat. Mursik ikifungiwa kwa plastiki huzidi kuchachuka na kuvimba, itakusumbua."

"Asante, nimejipanga," nikamjibu, nikaenda kuimimina mursik yangu kwenye mtungi mpya wa plastiki, nikakaza kifuniko mpaka kiganja kikauma (asije mtu akatia dawa), nikauficha karibu na jiko.

Wakwe wakaja, tukaomba, nikauleta mtungi. Ulikuwa umevimba tumbo! Moyoni nikasema huyu mama ameshaufikia, nikaufungua hapo hapo ili nichunguze, kifuniko kikaruka, na mursik yote ikamrukia baba wa kijana: suti, kofia, hata Biblia.

Mjomba wa kijana akashika fimbo yake. "Hii ni ishara mbaya. Twendeni."

Chelangat akaanza kulia. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo Mama Kipkirui akaingia na kile kibuyu nilichokikataa, amekijaza mursik yake, akawaomba wazee waketi, akamimina kikombe, akanywa yeye kwanza, lakini macho yake yalikuwa kwangu, si kwa wageni. Kumbe alijua siku zote kwamba namshuku.

Wageni wakanywa, wakaketi, binti yangu akaolewa. Niliapa kwamba plastiki haitaingia tena jikoni kwangu, na kwamba kabla ya kumshuku mtu nitamuuliza kwanza. Hicho kiapo cha pili ndicho kigumu, lakini najaribu.