Suruali ya msimamizi wa shamba

Leo tumefundishwa heshima na mwanaume aliyevaa povu la sabuni peke yake.

Tulikuwa tunapandikiza mpunga huku Ubaruku. Dada Sekela alikuwa amekunja kitenge juu ya magoti, maana tope lenyewe lilifika huko.

Msimamizi wetu yeye alikuwa anaoga kwenye mfereji, kando kabisa ya njia, uchi wa mnyama. Hilo huku halina shida. Wanawake tukipita ndio tunaogeuza shingo.

Mara akasimama. Wima. (Niliona hadi kovu la operesheni, na sikuomba.)

"We Sekela! Mapaja nje mchana kweupe, huna aibu? Shusha kitenge, la sivyo kesho usije!"

Kibarua hicho ndicho kinacholisha watoto watatu wa Sekela.

Sekela akatoka kwenye tope. Akaenda ukingoni, akaokota suruali ya msimamizi, akaivaa ndani ya kitenge.

"Haya bosi, nimejistiri."

Akarudi kupanda. Bosi akazama hadi kidevuni.

Tulicheka mpaka miche ikatuponyoka.

Sasa sikieni kilichoniudhi. Jioni hii wanaume wamekaa kikao, wamekubaliana kwamba Sekela amemdhalilisha mtu mzima. Akitaka kazi kesho, aende mferejini akamwombe radhi.

Amesema ataenda, watoto lazima wale. Ameniuliza kitu kimoja tu:

"Hivi yeye atakuwa amevaa?"

Nyie mngemjibu nini?