Baba Alianza Yeye

Juzi, kwenye benchi la kliniki moja mjini Lindi, nilikaa karibu na mkulima wa korosho na binti yake mdogo mwenye usonji. Kila mlango ulipobamizwa, mtoto aliziba masikio akilia.

Mtaalamu akachuchumaa mbele yao na kibanio cha sikioni, kinachopeleka umeme hafifu kwenye mshipa wa fahamu. "Bado tunakifanyia utafiti, baba. Huenda kelele zikapunguza kumuumiza. Siahidi."

"Nianze mimi," baba akasema, akavua kofia. Alipobanwa nacho sikioni, akacheka. "Kama sisimizi anatembea."

Binti akashusha mikono, akaligusa sikio la baba yake. "Inauma?"

"Haiumi, mama."

Binti akapanda mapajani, akamsogezea mtaalamu sikio lake.

Kama tiba itafaa, hata mtaalamu hajui. Mimi mwanangu ningemwambia tu atulie.