Amina ya Baba

Juzi, pale mtaani Manika, niliwasikia vijana wakirudia Kiingereza cha mgodini wakimfuatisha mwalimu: "go down", shuka, "come up", panda.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, baba aliyarudia maneno hayohayo uani, akipiga pasi salopeti yake ya kazi. Palinuka makaa na sabuni. Mkubwa wake mpya mgodini hakujua Kiswahili wala Kifaransa, Kiingereza tu. Mimi nilidhani baba anasali, nikapiga magoti, na kila alipotua niliitika, "Amina."

Mama alicheka. "Mutoto, hii haiko maombi. Iko kazi ya tata yako," akasema akimwonyesha baba.

"Muache aitike," baba akasema.

Kesho yake alishuka shimoni, hakupanda tena.

Juzi, vijana walipofika "come up", mdomo wangu uliitika wenyewe, "Amina." Kisha nikasimamisha pikipiki ya taxi-moto, nikaenda kazini.