Ngozi ya Mbuzi Kwenye Bendi ya Roki

Jumamosi, tarehe 16 Novemba 1996. Manyunyu tangu alfajiri, hata kiberiti kilikuwa kinagoma.

Hasira ya siku ile bado ninayo, ila nitajitahidi kuandika kwa haki. Shule sikusoma sana, huenda kuna mahali nakosea.

Ilikuwa bendi yangu ya nne. Nilishapiga dramu kanisani, nikapiga rumba na vijana wa stesheni, nikapiga na Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Mishamo, watu wanaonizidi mbali. Hawa wa Mpanda mjini ndio waliopiga roki, gitaa linalia kama msumeno, na roki ndiyo niliyoitaka siku zote. Wiki iliyofuata bendi ilikuwa inapanda treni kwenda kupiga Tabora. Nilitaka kuwemo, basi.

Ngozi ya plastiki ya dramu kubwa ilikuwa imepasuka, na mjini hakuna nyingine. Jirani yangu Msukuma akanipa ngozi ya mbuzi, nikaiwamba mwenyewe. Ikikauka inalia vizuri. Siku ya mvua inalegea mpaka uipashe moto. Kila mpiga ngoma wa kwetu anajua hilo.

Tulikuwa na harusi mtaa wa Nsemulwa. Nikawasha jiko la mkaa nyuma ya turubai. Kiongozi wetu akaja mbio.

"Zima, bwana! Sisi ni roki, wewe unatuletea ngoma ya mavuno?"

"Kaka, bila moto hailii."

"Watu wanatuangalia. Zima!"

Nikazima. Wimbo wa kwanza tu, dramu ikawa kama mtu anapiga godoro. Watu wakacheka. Kiongozi akashika maiki: "Mtuwie radhi, mpiga dramu wetu leo hajala." Mama mmoja, wala si kwa ubaya, akaniletea pilau pale pale jukwaani.

Niseme ukweli: matoazi alinunua yeye, na ndiye aliyenipokea. Tena labda ningewasha mapema, kabla wageni hawajafika. Lakini mtu akuzimie moto, halafu akucheke kwa baridi? Hapana!

Tulipomaliza akaniambia Tabora ataenda na mwingine. "Usichukie, mdogo wangu. Mikono unayo, ila dramu yako imekufa."

Dramu yangu! Dramu ilikuwa yake. Yangu ilikuwa ngozi. Sikuigusa harusi ikiendelea, maana bibi harusi hakunikosea. Wageni walipoondoka nikafungua skrubu moja moja, nikaitoa.

"Sasa hiyo ya nini?"

"Ya kwangu, kaka. Tabora mkapige pipa."

Nikaiweka kichwani, nikatembea na manyunyu yangu mpaka nyumbani. Mke wangu akanitazama mlangoni.

"Umetoka harusini na ngozi? Nyama kala nani?"

Nikaitundika karibu na jiko. Jioni ile tulikula ugali wa muhogo na maharage. Kabla sijanawa mikono niliigonga kwa kidole, ikalia.