Bangili za Shaba na Neno Alilolisema Baba

Vita vya shifta vilipopamba moto nilikuwa mwanafunzi katika chuo kimoja cha ualimu huko bara, na popote nilipokaa nilitaka kuondoka. Darasani nilitamani bweni, bwenini nilitamani kwetu Garissa, na nikishafika Garissa nilianza kuulizia msafara wa kurudi. Chuoni wenzangu waliniita shifta, yaani mwasi wa huko kwetu. Mwanzoni ulikuwa mzaha, lakini redio ikitangaza kwamba lori limelipuliwa huko kwetu, kicheko kilikuwa kifupi zaidi. Nyumbani nako, watoto wa jirani waliitazama suruali yangu ya chuo wakaniita serikali.

Mikono ndiyo iliyonisumbua zaidi. Mwalimu akifundisha, yenyewe ilikunja karatasi, ikabandua rangi ya dawati, ikafungua na kufunga kalamu mpaka nikanyang'anywa. Nilikuwa nikitembea uwanjani kwenye ukungu, sweta imelowa, nikizunguka tu, kwa sababu kuketi kulinishinda.

Kisha mota ya pampu ya maji ikaungua, ikatupwa nyuma ya karakana. Niliifungua kwa kukosa la kufanya. Ndani nikakuta nyuzi za shaba zimezungushwa kwa unadhifu ajabu. Nilizichoma motoni ikatoka ile rangi yake nyeusi ya kuzuia umeme, nikazisokota kama nywele za msichana zinavyosukwa, nikazigonga juu ya kipande cha reli, nikazipiga tupa nchani, mwisho nikazisugua kwa majivu na ndimu. Ikatoka bangili. Ilikuwa imepinda upande mmoja, lakini iling'aa, na nilipoinua kichwa kengele ya chakula ilikuwa imeshalia zamani. Nilikuwa nimekaa mahali pamoja alasiri nzima.

Mwenzangu wa chumbani, kijana mcheshi kutoka Ukambani, aliivaa papo hapo.

"Nani kakuuzia?"

"Nimeitengeneza mwenyewe."

"Wewe? Basi ndugu yangu, ualimu utakuchelewesha."

Aliniambia kwamba mjomba wake alikuwa fundi wa mikufu ya shaba, na kwamba akipita njiani watu humwamkia kwa heshima. Kwetu mambo yalikuwa mengine. Mfua chuma kwetu aliitwa tumal, na neno hilo lilikuwa nusu jina la kazi, nusu tusi. Wahunzi waliishi pembeni mwa mji. Walitutengenezea visu, shoka na mapambo ya harusi zetu, lakini hatukuoa kwao wala wao hawakuoa kwetu. Hakuna aliyewahi kunieleza sababu. Nililelewa nalo hivyo hivyo, kama mtoto anavyokua katika joto la kwetu.

Biashara ilianzishwa na mwenzangu, si mimi. Alizichukua bangili zangu akateremka nazo mpaka shule ya wauguzi iliyokuwa bondeni, akarudi mikono mitupu, anapiga mluzi. Baada ya hapo nilifanya bangili, pete na hereni kila nilipopata nafasi, naye akauza. Karibu na likizo alikuja na habari kwamba wasichana wa mwaka wa mwisho walitaka kila mmoja bangili ya kuvaa siku ya kuhitimu.

"Utazimaliza?" akauliza.

"Nitafanyia nyumbani," nikajibu, kabla sijafikiri.

Nikatia waya, koleo, nyundo na tupa chini ya nguo zangu kwenye sanduku la bati, nikapanda lori la msafara, mbele askari na nyuma askari. Tulisimama mara nyingi njiani bila kuambiwa kwa nini. Kila tuliposimama niliruka chini nikazunguka lori, mpaka dereva akanifokea kwamba namtia wasiwasi.

Garissa niliikuta imejikunja. Jua likielekea kuzama watu walikimbilia majumbani kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku. Ngamia waliletwa karibu na mji wakakonda kwa kukosa malisho. Baba yangu, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa amezoea kupiga hodi mpaka Buna huko kaskazini, sasa alishinda barazani akihesabu tasbihi.

Nilijificha uani nikaanza kazi. Sikuwa nimefikiria sauti. Katika mji wetu mlio wa nyundo ndogo ulitoka mtaa mmoja tu, na kila mtu aliujua. Nilikuwa kwenye bangili ya kwanza baba aliposimama mlangoni.

"Ni nini hicho kinagonga nyumbani kwangu?"

Nikamwonyesha. Aliishika, akaigeuza. Nadhani iliwahi kumpendeza kabla hajakumbuka ni kazi ya nani.

"Nilikupeleka ukasome," akasema, "nawe umeniletea nyundo?"

"Ni mapambo tu, aabo. Wenzangu chuoni wanayanunua."

"Kuna watu wenye kazi hiyo. Sisi si watu hao. Na mwezi ujao naenda kuzungumza habari ya posa yako. Unataka wasikie nini kutoka ukuta huu?"

Msichana aliyekusudia kuniposea nilimfahamu tangu utotoni na nilimpenda. Baba yake, muuza duka aliyeheshimiwa na kila mtu, ndiye rafiki wa karibu wa baba. Nikakusanya vyombo vyangu, nikaahidi kuacha.

Sikuweza. Nilijaribu kulala mchana, nikajaribu kusoma, nikazunguka ua mpaka mama akaniuliza kama nimepoteza kitu. Hatimaye nikatia vyombo kwenye kikapu, nikaenda mtoni, chini ya mikoma, ambako maji yangefunika mlio wa nyundo. Nikafanya kazi kwa raha asubuhi kadhaa. Siku hizo hizo waya za simu zilikatwa mahali fulani nje ya mji, lakini mimi, katika haraka yangu ya kukimbilia mtoni, habari hiyo sikuisikia.

Askari wa doria walinikuta nimechuchumaa na koleo mkononi na mzingo wa waya wa shaba kati ya magoti. Hawakuuliza kitu. Walinifunga mikono kwa kamba na kunipeleka kambini, nikaketishwa mchangani pamoja na wanaume wengine waliokamatwa, ambao walinitazama kisha wakatazama pembeni.

Afisa alikuwa mtu wa bara, mpole wa sauti.

"Waya huu umeukata wapi?"

"Sikuukata, afande. Umetoka kwenye mota iliyoungua. Natengeneza bangili."

Alichukua bangili niliyokuwa sijaimaliza. "Hii hata mimi naweza kuipinda. Baba yako ni nani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Kijana, nimekaa hapa muda mrefu. Naijua mila yenu. Ukoo wenu haufui chuma. Ungenidanganya vizuri zaidi."

Hapo ndipo nilipoogopa kwa kweli. Mila ambayo nilikuwa nikiikimbia ndiyo iliyokuja kunishuhudia vibaya. Nilijaribu kuinuka, nikaambiwa nitulie, nikashindwa kutulia.

Baba alikuja kabla ya adhuhuri. Alikuwa amemwomba rafiki yake muuza duka aje naye, kwa kuwa neno lake lilikuwa na uzito kwa wakubwa. Niliwaona wakivuka uwanja pamoja, kanzu nyeupe, bakora mikononi, na nilitamani ardhi inimeze, si kwa sababu ya askari.

Afisa aliwasalimu vizuri. Kisha akainua ule waya.

"Mzee, mwanao anasema hii ni kazi yake. Mimi sisadiki. Sema wewe. Kijana wako ni mhunzi?"

Baba alimtazama afisa, akanitazama mimi, hakumtazama rafiki yake. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na siku ile kilizidi kukwama.

"Ndiyo, afande. Hii kijana yangu ni fundi ya chuma. Natengeneza bangili, natengeneza bete. Fita hajui."

"Waambie hawa kwa lugha yenu," afisa akasema, akiwaonyesha wanaume waliokaa mchangani. "Nataka kuona kama utalisema neno lenyewe."

Nilidhani atakataa. Baba yangu alikuwa mtu wa kuacha biashara nzima kwa kupigiwa kelele. Lakini aligeuka, akawakabili watu wa mji wake, akasema kwa Kisomali, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mwanawe ni tumal. Mzee mmoja mchangani akafunika uso kwa shuka. Afisa aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba hakuna baba wa pale ambaye angelitunga neno kama hilo. Akaamuru nifunguliwe. Waya na vyombo vilibaki.

Tulitoka watatu. Kwenye njia panda muuza duka alimpa baba mkono, akamwambia "Mungu atujalie subira," akaelekea kwake bila kunigeukia. Baba alitembea mbele. Kabla ya kufika nyumbani sikuweza kuvumilia tena.

"Aabo, nisamehe. Sitashika tena nyundo."

Alisimama. "Nimesema mbele ya watu kwamba wewe ni mhunzi. Ukiacha sasa, mimi nitakuwa nani? Mwongo?"

"Kwa hiyo unaniruhusu?"

"Sikuruhusu. Nakwambia tu kwamba mimi si mwongo."

Tulipofika akaingia ndani akaomba maji ya kutawadha.

Posa haikuzungumzwa tena. Shangazi wa yule msichana alikuja kumwona mama, wakaongea juu ya bei ya sukari na uhaba wa maziwa, na alipoondoka mama alikuwa analia. Mwaka uliofuata msichana aliolewa Wajir. Nilisikia habari hizo chuoni, na siku ile nilizunguka uwanja mpaka mlinzi akanijia kuuliza kama naumwa.

Bangili za wauguzi hazikutimia. Mwenzangu aliteremka bondeni peke yake kuwaeleza, akarudi akisema ametukanwa kwa lugha ambazo hata hakuzijua. Lakini hakuniacha. Tulipata mabomba makuukuu ya shaba nyeupe na sufuria zilizotoboka, tukaanza upya, na kazi hiyo ilituvusha hadi tukahitimu, yeye akaenda kufundisha kwao, mimi nikapangiwa shule baada ya shule, hakuna hata moja niliyokaa mpaka ikanizoea.

Siku ya kuondoka mwisho wa likizo ile niliyokamatwa, watu walijaa kwenye malori wakingoja ruhusa ya msafara. Mtu mmoja wa sokoni alimpigia baba kelele kutoka upande wa pili, akicheka, "Baba wa tumal! Unamsindikiza fundi wako?"

Nikakaza ngumi. Baba alinishika kiwiko.

"Namsindikiza," akajibu. "Una kisu cha kunoa?"

Watu wakacheka, na yule mtu naye akacheka, ingawa si sana. Dereva akawasha gari. Nilipanda nikasimama nyuma kabisa, nimeshika ubao, na sikuketi mpaka tulipouacha mji.