Mkono wa Jidi na Mbegu za Ukwaju

Mimi sikuzaliwa na subira. Mama yangu alilijua hilo, ndiyo maana aliposikia nimepata kazi ya kuhudumia wazee alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya misheni, kwenye njia ya Manibe, ukitoka kidogo tu Arua mjini: chumba kirefu cha wanaume, chumba kirefu cha wanawake, na baraza katikati. Ilipokea Mkristo na Mwislamu, ilmradi uwe mzee na mwili umekugomea. Kazi yangu ilikuwa kuosha, kulisha na kugeuza. Wakishaoshwa na kulishwa, wazee wangu walikaa barazani wakitazama ukuta. Hilo ndilo lililonishinda. Mtu asiye na wa kugombana naye hujifia polepole, na mimi sikutaka kufiwa kila wiki.

Nikaanza kutunga michezo. Madukani hakukuwa na kitu. Miaka ile hata sukari ilikuwa habari ya kusimuliana, sembuse mpira. Nikafunga mpira wa matambara, ukaishia ndani ya sufuria ya uji. Nikasuka pete za nyasi za kurushia kwenye kijiti, mbuzi wa misheni akazila. Nikatia vitu ndani ya mfuko, kijiko, gunzi, yai, ili mtu apapase bila kutazama na ataje alichoshika. Wa kwanza alilivunja yai, na wa pili alipoingiza mkono kwenye ule ute akataja kitu ambacho Sista, mkubwa wetu, alipokisikia alipiga ishara ya msalaba.

Uliodumu ni mchezo wa mbegu za ukwaju. Unatandika mkeka, unaweka katikati ungo uliojaa mbegu, na kila mchezaji ana kibuyu chake. Mimi nagonga beseni. Beseni likilia, mnaokota mbegu mojamoja na kutia kibuyuni. Beseni likinyamaza, mikono juu. Mwenye nyingi anapewa ukoko wa posho, yaani ugali. Msiniulize kwa nini ukoko, ilhali ungeyakusanya meno ya mkeka mzima usingepata ya kumtosha mtu mmoja. Mshindi aliufyonza mpaka jioni mbele ya walioshindwa, na utamu wenyewe ulikuwa hapo.

Hawakuchoka nao, na waliougombania kupita wote ni wawili.

Wa kwanza tulimwita Jidi, ndivyo Wanubi wanavyomwita babu. Alitoka Koboko, askari mstaafu wa zama za Mwingereza, masharubu meupe na sauti ya gwaride. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kulia. Mguu ulimrudia, kwa msaada wa fimbo, lakini mkono ulijikunja ngumi ukalala mapajani, haufunguki. Kila asubuhi niliusugua kwa mafuta ya simsim, yaani ufuta, naye alinitukana kwa kila lugha aliyoiokota jeshini.

Wa pili tulimwita Dede, yaani bibi kwa Kilugbara. Alikuwa mkulima wa hukohuko Manibe, Mkristo wa kuimba kwa sauti, nyonga zimekwisha, ulimi mzima. Aliketi jirani na Jidi kila siku na kumsalimu vilevile kila siku.

"Jidi, salama? Na marehemu nalala muzuri?"

Marehemu ni ule mkono.

"Marehemu iko mulinzi," Jidi alijibu. "Wewe angalia kiuno yako, mama, nalia kama mulango."

Basi, siku moja mwanawe Jidi akaja kutoka Koboko na habari kwamba mjukuu wa Jidi, yule aliyelelewa miguuni pake, anaolewa baada ya Idi. Uso wa mzee uling'aa, kisha nikauona unazimika.

"Mimi hapana kwenda," akasema. "Ambia watu mimi iko mugonjwa."

"Lakini baba, mutoto nasema kama Jidi hapana kuja, yeye hapana toka ndani ya nyumba."

Jidi akaitazama ngumi yake. Kwao harusini wanaume huzunguka sinia moja na kula kwa mkono wa kulia, na hakuna anayegusa chakula kabla mkubwa wao hajatangulia. Mkubwa ni yeye. Mkono wa kushoto una kazi yake nyingine, na kazi hiyo kila mtu anaijua.

"Mbele ya wakwe," akasema polepole, "mimi napewa chakula mudomoni kama mutoto? Wallahi, heri kaburi."

Mwanawe akaondoka ameinamisha kichwa. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa hasira. Nilikuwa nampenda yule mzee, matusi yake na yote.

Kesho yake nikatoa amri: Jidi ataokota kwa mkono wa kulia. Lo! Alinijibu kwamba hakupigana Burma ili msichana aje kumfundisha kuokota mbegu. Akaendelea kuokota kwa wa kushoto, marehemu amelala mapajani chini ya kanzu. Nikanuna. Yeye, badala ya kununa, akaanza kushinda.

Akashinda leo, akashinda kesho, akafyonza ukoko mpaka ukatutia kichefuchefu. Mtu aliyekuwa akichelewa kuliko wote, sasa kibuyu chake kinajaa kama kina chemchemi! Dede alikonda kwa hasira. Hakuimba tena asubuhi. Alikaa tu akikitazama kile kibuyu, kama paka anayetazama tundu la panya.

Za mwizi arobaini. Siku hiyo beseni liliponyamaza, Dede hakuinua mikono juu kama sheria inavyotaka. Alitumbukiza mkono wake kwenye kibuyu cha Jidi, akatoa mbegu, akazisugua kwa vidole, akazipeleka puani.

"Hii mbegu iko na jasho!" akapiga kelele. "Jasho na simsim! Watu, kujeni! Marehemu naiba!"

Akaikamata kanzu ya Jidi akaifunua, na ngumi ikakutwa kando ya mdomo wa kibuyu, vidole vimeachana, na mbegu moja bado imegandamana na kiganja.

Nilielewa polepole, nikiwa bado nimeshika beseni. Kumbe huyu mzee, kabla ya kila mchezo tukiwa tunawaketisha wengine, alikuwa anachota mbegu kwa mkono wa kushoto na kuzishindilia kwenye ngumi. Nani angepekua mkono uliokufa? Kisha mwisho wa mchezo anazimwaga kibuyuni. Mwanzo alivibandua vidole kwa mkono mwingine. Lakini saa ile mkono wake wa kushoto ulikuwa juu, mahali pake, mbele ya macho yetu sote. Vidole vilikuwa vimefunguka vyenyewe.

"Jidi," nikamwambia, "fungua tena."

"Si mimi," akasema. "Ni yeye."

"Basi mwambie yeye afungue!"

Mkono ukafunga. Ukafungua. Sista akaja mbio akidhani kuna aliyekata roho, akanikuta nalia na kucheka pamoja, na Dede anadai mwizi ahukumiwe kabla ya chakula. Hukumu ikatoka palepale: kuanzia leo ataokota kwa mkono uleule ulioiba, kanzu imekunjwa mpaka kwenye kiwiko. Jidi akashindwa kila siku tangu hapo. Mbegu zilimponyoka, alitoka jasho, alitukana. Dede alifyonza ukoko mbele yake bila huruma hata chembe, na kila Jidi alipotaka kuacha alimwuliza kama huko Burma nako waliacha. Idi ilikuwa inakaribia, nikamwongezea zoezi la kuipeleka mbegu mdomoni kama tonge, na bado mara nyingi ilifika kidevuni kisha ikaanguka.

Idi ikapita, gari likaja kumchukua Jidi kwenda harusini, na safari hii hakusema ni mgonjwa. Ila akakataa kupanda bila Dede.

"Huyu iko shahidi," akasema. "Kama mimi napata haya, yeye naona, nacheka, nafurahi. Muache apate furaha."

Sista aliniruhusu niwasindikize. Koboko mimi na Dede tuliwekwa upande wa wanawake, tukajibanza nyuma ya pazia tuone sinia la wanaume. Liliwekwa, kisra, ile mikate yao myembamba, na mchuzi wa mbuzi. Wakanawa. Wote wakamngoja Jidi.

Akanyoosha mkono. Kipande cha kwanza kilimwangukia kifuani. Pale kwenye sinia kila mwanamume ghafla akaona jambo la kutazama kwenye paa. Dede alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. "Okota," alikuwa ananong'ona, "okota, wewe mwizi, okota."

Akaokota. Kikafika kidevuni, kikasimama, kikaingia mdomoni.

Dede alipiga kigelegele ambacho nadhani hata huko Kuluba, mbali nje ya mji, walikisikia. Mimi nikamfuata, wanawake wengine nao wakadakia bila kujua ni cha nini, na huko ndani walidhani bwana harusi amefika. Bibi harusi akavikwa mbio mbio, hina ya mguu mmoja haijakauka, somo wake anapiga kelele kwamba kiatu kimepotea. Ilichukua muda kuwatuliza, na tulisemwa sana.

Wanaume walipomaliza kula, Jidi alikuja kwa fimbo yake mpaka kwenye mkeka wetu, ngumi ya kulia imefumba. Akasimama mbele ya Dede.

"Leta mukono," akamwambia.

Dede akakinga mikono miwili. Jidi akafungua vidole, kimoja kikivuta kingine, na nyama ya mbuzi ikadondoka kiganjani kwa bibi yule, nono, imebanwa ikabandikana.

"Marehemu nasalimu wewe," akasema.

Dede aliitia nyama mdomoni akaanza kuitafuna kwa ufizi, machozi yanamshuka wala hayafuti.

"Iko na jasho," akasema, na akaendelea kutafuna.