Kijana Asiyemkumbuka Mpenzi Wake

Pasi imeshapata moto, lakini Dada Wino haigusi bado. Anatandaza shati jeupe mezani, analinyunyizia maji, analikunja na kuliweka kando ili unyevu upenye. Ndipo anapoanza kusimulia, na wenzake wa chumba cha kupigia pasi wanapunguza redio.

"Jana tuliishia wapi?"

"Pale pale tulipoanzia," anajibu Bibi Wanga, mkongwe wa chumba hiki. "Huyo binti wa hadithi yako anaondoka lini? Nitastaafu nikimsubiri!"

Vicheko. Jina la Dada Wino walimpa wao, kwa sababu vidole vyake havikosi madoa ya kalamu. Ana miaka arobaini na moja, mama wa binti mmoja, na kwa siku hupiga pasi mashati themanini. Jioni, akishaosha vyombo, huandika riwaya ya vijana.

Ndani yake, msichana anampenda kijana anayejifunza ushonaji duka la jirani. Anasafiri miaka ishirini nyuma, anamwokoa kaka mkubwa wa kijana huyo asizame mtoni. Akirejea, wote wana furaha isipokuwa yeye. Familia ile ilikuwa imehamia mtaa wa msichana kwa sababu ya msiba; sasa, bila kufiwa, haikuhama kamwe. Kijana yuko duka la mji mwingine, wala hamjui.

Mchapishaji mmoja aliipenda, kwa sharti kwamba sura nne za mwanzo ziondoke.

"Alisema vijana wa leo hawana subira. Safari ianze ukurasa wa kwanza, la sivyo kitabu hakitoki," anaeleza. "Nimeandika miaka sita. Nikaona mwenye shida hachagui. Nikazikata."

Wiki iliyopita aliwasomea wenzake toleo hilo wakati wa mapumziko. Hakuna aliyesinzia. Wakafika mwisho: binti amesimama mlangoni pa duka, kijana anamtazama kama mteja yeyote. "Nikusaidie nini, dada?"

Dada Wino alishusha karatasi, akingoja machozi yao.

"Enhe," akasema Bibi Wanga. "Kwani huyu kijana ni nani vile?"

Leo analicheka jambo hilo, kwa shida. "Nilikuwa nimemkata mwenyewe! Vile vifungo alivyokuwa akimshonea binti, ule utani wao dirishani, vyote nilitupa. Msomaji naye akawa hamjui."

Hata hivyo, hadai kuwa mchapishaji alikosea. Katika sura zile nne, kijana alikuwa akitokea kwenye ya tatu. Kabla yake ni mtaa tu, mvua na mawingu.

Sasa anaandika upya, na kila siku huwasimulia wenzake alipofika. Kijana ataingia mstari wa kwanza, uzi mdomoni. Safari itabaki sura ya tano. Mchapishaji hajaahidi kitu.

"Na akikataa?" anauliza Bibi Wanga.

"Nitabisha hodi kwingine. Mtaa na mawingu, achukue. Kijana simtoi." Anapitisha pasi kwenye kola, taratibu. "Nataka msichana nisiyemjua afike pale mlangoni pa duka, asahau kuwa ni kitabu, amfokee yule kijana: 'Mtazame vizuri, wewe!'"